Binti anapotaka kusomea ushauri wa vinasaba

Mzazi wa Busi akisikia bintiye mwenye shahada ya biolojia anataka kusomea ushauri wa vinasaba, huenda akauliza: hiyo nayo ni kazi? Ni kazi, tena inahitajika. Mtoto akigundulika na selimundu, mara nyingi lawama humwangukia mama, na wapo wanaoachika. Ilhali ugonjwa huo hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Wote wakiwa wamebeba kinasaba chake bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Mshauri ndiye anayewaketisha pamoja na kuwaeleza.

Afrika Kusini, vyuo vikuu vya Cape Town na Witwatersrand hufundisha shahada ya uzamili ya fani hii kwa miaka miwili. Nafasi ni chache. Alama nzuri za jenetiki ni lazima, lakini waombaji wengi wanazo. Wanachokosa ni ushahidi kwamba wamewahi kukaa na mtu mwenye majonzi wakamsikiliza.

Kwa hiyo, mzazi, mwache ajitolee kliniki, iwe Kondoa mjini au Dodoma, hata majirani wakisema msomi anafanya kazi ya bure. Kumweleza bibi kwa Kirangi kwa nini mjukuu analia na maumivu ya mifupa si jambo dogo. Aliandike kwenye barua yake ya maombi, bila kumtaja mgonjwa. Na wadhamini wawe watu waliomwona akifanya kazi, si mheshimiwa anayefahamiana na baba tu.