Kigari cha Mtoto Kijaribiwe Njiani

Mwanajeshi arejeaye nyumbani kutoka kazi ya mbali hupenda kuleta kitu kitakachoonekana. Tangu Machi 2007, askari wa kwanza wa Uganda walipotua Mogadishu, kambi nyingi zimeyaona hayo: baba hurudi na akiba ya miezi mingi, na ikiwa alimwacha bibi yake mjamzito, zawadi ya kwanza imjiayo kichwani ni kigari cha mtoto. Hukiona dukani Kampala kikimetameta, kina kofia ya kuzuia jua na mahali pa kuweka chupa. Hulipa bila kuuliza. Kesho yake mama humtia mtoto ndani, hukisukuma nje ya mlango wa kota, na hatua ishirini baadaye gurudumu la mbele limezama katika changarawe. Mwezi haujaisha, kigari kimekuwa kapu la nguo chafu.

Fedha iliyopotea yauma, lakini si hasara kubwa kuliko zote. Kigari kisichofaa huweza kuteremka kilima peke yake, kupinduka kinyumenyume, kukata kidole cha mtoto au kuibana pumzi yake. Kwa hiyo swali la kwanza si la bei wala la rangi. Ni hili: mtoto huyu atasukumwa kutoka wapi kwenda wapi? Mama akaaye kando ya barabara ya lami, ambaye safari yake ni ya dukani na kurudi, ana haja moja. Mama wa kota zilizo juu ya kilima, anayekwenda kliniki kwa njia ya mawe, mitaro isiyofunikwa na mteremko mkali, ana haja nyingine kabisa. Yafaa wazazi waitembee njia hiyo kwa miguu kabla ya kwenda dukani, huku wakitazama chini. Wahesabu mitaro, ngazi na kila mahali ambapo kigari kitabidi kibebwe. Kisha waupime upana wa mlango wa nyumba, hata kwa kamba yenye fundo, na kamba hiyo waichukue hadi dukani.

Vigari vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli vina asili ambayo askari wataipenda. Owen Maclaren alikuwa mhandisi Mwingereza aliyeshiriki kubuni miguu ya magurudumu ya ndege ya vita iitwayo Spitfire. Alikuwa amekwisha kustaafu alipomwona binti yake akihangaika kusafiri na kigari kizito cha mtindo wa kale. Akautumia ujuzi ule ule wa mabomba mepesi ya aluminiamu na viungo vijikunjavyo, akaomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1965, na kigari chake cha kwanza kilikuwa na uzito usiofika kilo 3. Kwa mama asafiriye kwa taksi hakuna kifaa bora kuliko hicho. Hukunjwa upesi, huwekwa kando ya miguu, na kondakta hapati sababu ya kudai nauli ya mzigo, ingawa pengine ataidai vile vile. Lakini magurudumu yake ni madogo, yalifanywa kwa ajili ya lami na sakafu. Gurudumu dogo likikwama ghafla kwenye jiwe, kigari huinamia mbele pamoja na mtoto.

Kwa njia ya vumbi na mawe, magurudumu makubwa yajazwayo upepo ndiyo yafaayo. Namna hiyo ya kigari ilitoka kwa wakimbiaji. Phil Baechler, mwandishi wa gazeti katika mji wa Yakima, Marekani, alipenda kukimbia pamoja na mwanawe mdogo, na mwaka 1984 akaanza kuuza vigari vya magurudumu matatu ya baiskeli. Mpaka leo vingi vya namna hiyo vina magurudumu ya inchi 12 au 16, vipimo vile vile vya baiskeli za watoto. Mnunuzi asome namba iliyo ubavuni mwa tairi; akikuta 12½ x 2¼, ajue kwamba fundi baiskeli ataweza kumtafutia tyubu. Jambo hilo lina thamani kubwa kuliko mahali pa kuweka chupa. Ubaya wa kigari hiki ni uzito wake, kwani vingi hupita kilo 10, na hata vikikunjwa hubaki vikubwa. Akaaye ghorofa ya tatu azifikirie ngazi. Wala baba mpenda mazoezi asikimbie nacho kabla mtoto hajatimiza walau miezi sita na kuimarika shingo.

Na shingo hiyo ndiyo jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Mtoto mchanga hana nguvu ya kukishika kichwa chake. Akikalishwa wima, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya pumzi, ambayo ni nyembamba tangu hapo, hubanwa. Huenda asilie. Huonekana kama amelala, na mama husukuma akidhani kwamba mambo ni mema. Mtoto wa chini ya miezi sita hana budi kulazwa. Kanuni ya vigari ya nchi za Ulaya, iitwayo EN 1888, hutaka egemeo la kiti cha mtoto wa umri huo lilale hadi pembe ya nyuzi 150 walau, yaani karibu na kunyooka. Vigari vingi vya mwavuli havifiki hapo. Muuzaji akisema kwamba mto mmoja nyuma ya kichwa utatosha, asisikilizwe. Mto huo ndio utakaokisukuma kichwa mbele zaidi.

Hapo mama mkwe atauliza kwa nini mtoto atiwe katika chuma wakati mgongo upo. Swali lake ni la haki, wala asijibiwe kwa dharau. Mtoto aliyefungwa vizuri kwa mbeleko huvuka mtaro, hupanda ngazi, hupenya katikati ya watu sokoni na husikia sauti ya mama yake muda wote. Kwa nyumba nyingi, kifua katika miezi ya mwanzo, uso wa mtoto ukionekana, na mgongo baadaye, vyatosha kabisa. Baba asiye na akiba hana lawama akingoja. Kigari huanza kustahili fedha zake pale mtoto anapofika kilo tisa au kumi na mama bado ana mzigo wa soko mkononi. Humfaa pia mama mwenye maumivu ya kiuno, na yule aliyejifungua kwa upasuaji, maadamu kiwe cha kumlaza mtoto na mtu mwingine akinyanyue. Na Nnalongo, mama wa pacha, nani atathubutu kumwambia kwamba mgongo upo? Lakini kigari cha pacha wakaao bega kwa bega aghalabu huwa na upana wa karibu sentimita 75. Ndipo ile kamba yenye fundo itakapoonyesha kazi yake.

Dukani, kigari kisihukumiwe kikiwa kitupu. Mnunuzi achukue mfuko wa unga wa kilo 10, auweke kitini, aufunge mikanda, kisha aombe kukitoa nje. Muuzaji atashangaa; ashangae tu. Kisukumwe kwenye mawe, kipandishwe ukingo wa barabara, kigeuzwe kwa mkono mmoja. Kipelekwe mahali penye mteremko, breki ikanyagwe, na kigari kisukumwe kwa nguvu kuelekea chini. Kikisogea hata kidogo, kirudishwe dukani na mazungumzo yaishe. Katika mji wa vilima kama Kampala, breki ndiyo nusu ya bei. Hata iliyo nzuri isimfanye mama akiache kigari mteremkoni na kwenda kuchagua nyanya.

Mikanda iwe ya sehemu tano: miwili ya mabega, miwili ya kiuno, na mmoja upitao katikati ya miguu. Huo wa katikati ndio ukatwao au upoteao mara kwa mara, na ndio wa lazima. Bila huo mtoto huteleza chini polepole mpaka mkanda mwingine unashika shingo. Baba na mama wote wawili wakishike kishikio, kwa kuwa kile kimfaacho mume mrefu huweza kumchosha mke mfupi mabega. Uzito ulioandikwa, ambao kwa vigari vingi ni kilo 15, ni wa mtoto na si wa mtoto pamoja na ndizi. Mfuko wa matoke ukitundikwa kwenye kishikio hukivuta kigari nyuma, na siku mtoto anyanyuliwapo mfuko ukiwa bado hapo, kigari huanguka chali. Mzigo uwekwe chini ya kiti.

Familia nyingi hununua cha mitumba katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St Balikuddembe, au kwa jirani anayehama kituo. Si vibaya. Kigari imara kilichotumika hukishinda kipya kilicho dhaifu. Lakini kila kiungo kichunguzwe, hasa bawaba za kukunjia. Mwezi wa Novemba 2009 kampuni ya Maclaren nchini Marekani, pamoja na tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, ilitangaza kasoro katika vigari vipatavyo milioni moja, vilivyouzwa tangu mwaka 1999, kwa sababu bawaba zilikuwa zimewakata watoto 12 ncha za vidole wakati kigari kikifunguliwa. Dawa yake ilikuwa vifuniko vya bawaba, vilivyogawiwa bure. Kigari cha miaka hiyo kinaweza kutua sokoni bila vifuniko hivyo, na muuzaji asijue lolote. Kiwe cha kampuni yoyote, kipya au kikuukuu, sharti ni moja: wakati wa kukunja na kufungua, mtoto awe mikononi mwa mtu mwingine, au mbali kiasi cha kutoweza kukigusa. Kipingo kilie kabla hajatiwa ndani.

Kuhusu jua, akina mama wengi hufunika kigari kizima kwa leso ili mtoto alale. Nia ni njema, kitendo ni cha hatari. Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilijaribu jambo hilo siku ya joto. Ndani ya kigari kilichokuwa wazi palikuwa na nyuzi 22. Kilipofunikwa kwa kitambaa chepesi, baada ya nusu saa palifika nyuzi 34, na baada ya saa moja 37. Kama hayo yalitokea Sweden, mchana wa Kampala hauhitaji kujaribiwa. Kofia ya kigari yatosha, pamoja na kivuli cha mti. Jioni, mbu wanapoanza kutoka, chandarua chembamba ndicho kifaacho, kwa kuwa hupitisha hewa.

Moshi nao una neno lake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walieleza mwaka 2018 kwamba mtoto wa kigarini huwa kati ya sentimita 55 na 85 kutoka ardhini, karibu na mabomba ya moshi, na huweza kuvuta hewa chafu kuliko mtu mzima kwa kiasi kinachofika asilimia 60. Nyuma ya taksi na boda boda, basi, kiti cha juu ni bora kuliko cha chini, na njia ya ndani ni bora kuliko barabara kuu hata ikiwa ndefu. Akipatikana muuzaji mwenye kigari ambacho kiti chake hugeuzwa, mtoto amtazame amsukumaye. Huko Dundee, Scotland, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 uliona kwamba wazazi waliotazamana na watoto wao walizungumza nao mara nyingi zaidi. Mama aliyezoea mbeleko hatashangazwa na habari hiyo.

Wapo askari waonao haya kusukuma kigari mbele ya wenzao. Haya hiyo haina msingi. Mtu aliyeaminiwa kuendesha gari la deraya anaweza kuaminiwa kumpeleka mwanawe kliniki, tena kwa kuwa yeye ndiye aliyekinunua, ni vema akaonja mwenyewe uzito wake mlimani.

Vumbi jekundu hula ekseli haraka kuliko safari yenyewe. Kila juma magurudumu yatolewe, yafutwe, yatiwe tone la mafuta ya cherehani, na nati zikazwe. Kitambaa kioshwe na kukaushwa kabisa, maana maziwa yaliyomwagika huwaita sisimizi. Kigari kilichotunzwa hivyo hulea hata mtoto wa tatu, au huuzwa kwa jirani kwa bei ya haki, pamoja na mikanda yake yote. Ikiwa mkanda umekatika na hauna badala, kisiuzwe kwa mtu mwenye mtoto. Magurudumu yafunguliwe, yatafaa kutengenezea kigari cha kuchotea maji, na fremu ipelekwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu.