Piga hodi kwanza, fundi!

Wiki hii naomba nijianike mwenyewe, maana nimeumbuka.

Juzi mama mmoja mwenye duka la dawa mtaani kwetu kanipigia simu: "Mwanangu, programu ya mauzo haifunguki, na wateja wamejaa!" Nikatinga na begi langu, mikogo kibao. Nikaifuta programu, nikaiweka upya. Ikagoma. Nikarudia. Ikagoma tena. Saa tatu zikakatika, mama anaandika mauzo kwenye daftari, jasho linanitoka.

Mwanawe wa kidato cha nne akaniuliza taratibu: "Samahani kaka, umeangalia kama poti ina mtu?"

Nilitamani ardhi inimeze!

Jamani, kompyuta ni kama nyumba ya kupanga yenye milango 65,536, kuanzia 0 hadi 65535. Hizo ndizo poti. Programu inayongoja wageni hukaa kwenye mlango wake, na ukishakaliwa, mwingine akija anakwama. Ile ya mama ilitaka 8080. Dogo akaandika skripti ya Python, mistari mitatu tu:

import socket
s = socket.socket()
print(s.connect_ex(("127.0.0.1", 8080)))

Hiyo 127.0.0.1 ni kompyuta yenyewe. Skripti inapiga hodi. Ikileta 0, kuna mtu kaitika. Ikileta namba nyingine, hakuna aliyejibu. Ikaja 0!

Lakini hodi haikuambii ni nani. Kwenye Windows unaandika netstat -ano, unapata namba ya mpangaji, kisha unaitafuta kwenye Task Manager. Tukamkuta: programu ya kamera za dukani, niliyoiweka mimi mwenyewe wiki iliyopita!

Sikumfukuza, maana mama anazihitaji kamera zake. Nikamhamishia 8081, dogo akapiga hodi tena 8080, kimya. Tukawasha programu ya mauzo, ikafunguka palepale.

Bahati hesabu za nyuma zilikuwa salama. Kwa ile pupa yangu ya kufuta, ningeweza kumpotezea mama wa watu mauzo ya mwaka mzima. Nikamwambia ukweli kwamba kosa ni langu, na hela sikuchukua. Akacheka: "Basi kunywa soda, mwanangu. Na huyu mdogo wako mnunulie yake."

Nikanunua. Haki yake!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.