Hesabu Mbili za Damu

Vijana wengi wa Kishapu huondoka majumbani kwenda kutafuta riziki machimboni, hawa Maganzo na Mwadui, wale Geita. Baadhi yao hurudi na karatasi za kliniki wasizozielewa, na wazazi wamekuwa wakituuliza maana ya hesabu zilizoandikwa humo. Basi twaeleza.

Hesabu ya kwanza ni ya CD4. Hizo ni chembe nyeupe za damu ziongozazo ulinzi wa mwili, na ndizo zishambuliwazo na virusi vya UKIMWI. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 hadi 1,500 hivi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zikipungua chini ya 200, maradhi makali hupata mlango wazi.

Ya pili ni wingi wa virusi vyenyewe. Mwaka 1996 John Mellors wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba aliye na virusi vingi hudhoofika mapema kuliko aliye na vichache, hata kama CD4 zao zalingana. Mkulima ataelewa upesi: CD4 ni magunia ya mahindi yaliyobaki ghalani, na virusi ni dumuzi waliomo. Kuhesabu magunia peke yake hakukwambii kama yatafika mavuno.

Zamani mgonjwa alingojeshwa dawa hadi CD4 zishuke. Tangu 2016 Tanzania humpa dawa kila aonekanaye na virusi, na kwa maoni yetu kule kungoja kuliumiza wengi. Siku hizi CD4 huonyesha zaidi nani amechelewa kufika, na wingi wa virusi huonyesha kama dawa yafanya kazi.

Hapa ndipo penye hatari. Kijana husoma kwamba virusi “havionekani”, akadhani amepona, akaiacha dawa. (Na wapo watu wazima wamwambiao hivyo, tena kwa malipo!) Virusi hujificha mwilini, na dawa ikikatwa hurudi kwa muda wa majuma machache. Lakini adumuye na dawa hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mkewe kwa tendo la ndoa. Walii wanaoficha karatasi kabla ya nikahi, na wale wanaovunja posa kwa kuiona tu, wote wangeuliza kwanza imeandikwaje.

Kipimo hiki hufanywa baada ya miezi 6 ya dawa, kisha hurudiwa. Aendaye machimboni aombe kliniki yake barua ya uhamisho, apokee dawa huko huko aliko.