Nani Aliuliza Alama ya Kiswahili?

Jumamosi nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne, chini ya turubai, mgeni rasmi akawaambia watoto: asiye na A ya Hesabu asimpotezee mzazi ada kwenda kusomea kompyuta. Wazazi wakapiga makofi. Binti mmoja mbele yangu akainamisha kichwa. Damu ilinichemka.

Mwaka wa kumi na sita huu naandika programu za maduka na vyama vya akiba na mikopo. Hakuna mteja aliyewahi kunitaka nitafute eneo chini ya grafu. Wananitaka nipange hatua: hiki kikitokea fanya hivi, kisipotokea fanya vile.

Mwaka jana duka moja la dawa lililia kwamba rafuni kuna maboksi 40, kioo kinasema 12. Vijana wangu wawili wenye A zao walisaka kosa kwenye kujumlisha na kutoa, siku mbili nzima. Aliyelipata ni msichana wa mafunzo ya vitendo mwenye D. Alichukua daftari na penseli, akaandika kwa Kiswahili kila anachofanya muuzaji, mstari kwa mstari. Mteja akiuliza bei tu, dawa inaingizwa kwenye oda na programu inaipunguza stoo papo hapo, asiponunua, hairudishwi. Akahamisha amri moja, ikakaa baada ya malipo. Basi.

Wapo wanaosema kompyuta ni 0 na 1, kwa hiyo ni hesabu tupu. Simu ya bibi yangu nayo ni 0 na 1, na anatuma pesa bila kumwuliza mtu.

Hisabati ya fani hii, yaani mantiki, seti na kuhesabu uwezekano, chuoni hufundishwa tangu mwaka wa kwanza. Wa akili mnemba atazikuta matriki na kalkulasi hukohuko. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, waliofaulu Hesabu walikuwa kama mmoja kati ya watano. Wanne tuwafungie mlango, na wengi wao wamesoma bila mwalimu wa somo? Hiyo kompyuta yenyewe wamechorewa ubaoni! Nimeshika daftari la mtoto lenye kibodi iliyochorwa kwa rula, herufi zote mahali pake, na hajawahi kuigusa.

Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyebobea katika fani hii, aliandika kwamba ukiacha mwelekeo wa kihisabati, silaha kubwa ya mwandishi wa programu ni kuimudu barabara lugha yake ya mama. Sasa ni chuo gani kinachomwuliza mwombaji wa kompyuta alama yake ya Kiswahili?

Baada ya keki nilimtafuta yule binti. Nikamwomba anielekeze kwao kutoka pale shuleni. Alinitajia daraja, mwembe, kona mbili, na la kufanya nikikuta mto umejaa. Nimempa namba ya ofisi, aje Januari.