Tope Lina Wenyewe

Watu wa mji huu tuna tabia ya kuona tope tukasema hapa hapana kitu. Maji yakipwa pale Daraja la Salender, au kule Mtoni Kijichi kwenye mikoko, abiria wa daladala akichungulia dirishani anaona chupa za plastiki na mizizi. Mwenye fedha akichungulia anaona kiwanja kinachosubiri kifusi. Wote wawili wamekosea, na kosa la huyu wa pili ndilo linalotugharimu.

Kati ya Machi na Aprili, tope hilo ni meza ya wasafiri wenye haraka kuliko abiria yeyote wa Mbagala. Watazame vitwitwi wale wenye mdomo uliopinda kuelekea chini. Januari walikuwa rangi ya majivu. Sasa vifua vyao vinageuka rangi ya kutu. Hilo ni vazi la harusi. Wanakwenda kuzaa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, na ndege asiyefika gramu 100 anategemea mafuta aliyojaza mwilini kwa minyoo na viumbe wadogo wa topeni. Jirani yake, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na miguu mirefu, anayevunja kaa kwa mdomo mnene, anaelekea pwani za Omani na Ghuba. Huko atachimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Njia hiyo majahazi yetu yaliijua, yakisubiri kusi.

Nitaambiwa: mji una mafuriko, foleni na vijana wasio na ajira, wewe unahesabu ndege? Nahesabu, kwa sababu hesabu ni ileile. Mikoko na tope vinavyomlisha kitwitwi ndivyo vinavyovunja nguvu ya mawimbi na kuyapa nafasi maji ya Msimbazi yanaposhuka kwa fujo wakati wa masika. Ukimwaga kifusi, ndege ataondoka, na maji nayo yatatafuta pa kwenda. Yatakwenda kwenye nyumba ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni maskini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nitaambiwa pia kwamba haya ni mambo ya wazungu wenye darubini. Je, jina la kitwitwi limeletwa na mzungu? Ni neno la watu wa pwani, waliowaona ndege hawa kila maji yalipokupwa, wakivua na kuokota chaza. Kigeni hapa ni ukuta.

Na ukuta huo sheria inaujua. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tembea Kunduchi hadi Mbweni, uhesabu mwenyewe ni wapi zege limeacha mita 60 na ni wapi limeacha sita.

Tanzania iliingia Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2000, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaorodheshwa mwaka 2004. Ni jambo jema. Lakini mtoto wa Tandika hana nauli ya Mafia. Ana nauli ya kufika Salender, na huko ndiko anakostahili kumwona ndege wa Siberia bila kumwomba mlinzi wa geti.

Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Ya Oktoba inatufaa. Ile ya Mei, kwetu, ni kupunga mkono kituoni basi limeshaondoka. Mwalimu wa Kinondoni au Temeke asiisubiri. Awatoe wanafunzi darasani mwezi Machi, wafike maji yanapoanza kujaa, kwa kuwa hapo ndege husogezwa karibu na watu. Darubini moja ya kupokezana inatosha.

Na sisi tuliosoma tuache kupiga picha za machweo huku tukinyamazia malori ya kifusi. Kila lori linalomwaga mikokoni lina namba, na kila mtaa una mwenyekiti. Tuulize kwa maandishi: mita 60 ziko wapi? Ndege hawana hati ya kiwanja. Hati yao ni kwamba kila mwaka wanarudi, na wamefanya hivyo tangu kabla mji huu haujaitwa Dar es Salaam.