Nadra kwa Nani?

Niseme mapema: naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ina miaka mitatu.

Dada yangu alianza kwa jicho la kushoto. Aliamka siku moja akaona kama mtu anayechungulia dirisha la matatu wakati wa mvua, ukungu tupu, na rangi nyekundu imepauka. Akapewa dawa ya matone. Baada ya wiki kadhaa jicho likarudi, tukasahau. Miezi ikapita, miguu ikafa ganzi, ganzi ikapanda hadi kiunoni. Akapimwa malaria. Akapimwa taifodi, akatibiwa taifodi ambayo sidhani aliwahi kuwa nayo. Akaambiwa ni stresi za kazi. Shangazi yetu akasema kuna mkono wa mtu, akatafuta pasta.

Mwaka wa pili dada akaanza kusoma mwenyewe usiku, simu mkononi. Akaenda hospitali nyingine, akauliza kwa upole: "Daktari, hii haiwezi kuwa MS?" Daktari akacheka. "Madam, huo ni ugonjwa wa wazungu." Akamwandikia dawa za usingizi.

Ilibidi mwaka wa tatu uingie ndipo daktari mwingine, wa mishipa ya fahamu, atuambie tutafute pesa za MRI. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukachangisha kama watu wa matanga. Picha zikatoka na madoa meupe, kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo. Multipo sklerosisi. MS. Ugonjwa wa wazungu, ndani ya mwili wa msichana wa Umoja.

Kwa asiyeujua: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini, inageuka na kutafuna utando unaofunika mishipa ya fahamu. Fikiria waya wa stima ulioliwa na panya. Umeme upo, lakini unapotea njiani. Mwaka 2020 hesabu ya dunia ilikuwa watu milioni 2.8, na wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume. Dawa zipo. Haziponyi, ila zinapunguza mashambulizi, na zinafanya kazi vizuri zikianza mapema. Miaka mitatu si mapema. Dada sasa anatembea na fimbo.

Sina vita na yule daktari, ndiyo maana simtaji yeye wala hospitali yake. Ile sentensi hakuibuni. Alifundishwa. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu Paris mwaka 1868, na tangu hapo vitabu vimeandikwa na watu waliokuwa wakitazama wagonjwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Vinasema kadiri unavyoenda mbali na ikweta ndivyo wagonjwa wanavyoongezeka, na hapa kwetu ni "nadra". Mimi sikatai kwamba huko kaskazini wako wengi. Ninachokataa ni namna neno "nadra" linavyotumika. Ili uhesabu MS unahitaji daktari wa mishipa ya fahamu, mashine ya MRI, na mgonjwa mwenye nauli ya kurudi mara ya pili. Ukienda baharini bila nyavu ukarudi mikono mitupu, usije ukatutangazia kwamba bahari haina samaki.

Halafu neno lenyewe linajizalisha. Daktari hapimi kwa sababu ni nadra, na inabaki nadra kwa sababu hapimi.

Tazama kinachotokea nyavu zikitupwa. Mwaka 2013 Annette Langer-Gould na wenzake walichapisha hesabu ya wagonjwa wapya kusini mwa California, wote wanachama wa mpango mmoja wa afya, kwa hiyo wote wana pa kwenda kupimwa. Kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, weusi waliopatikana na MS walikuwa 10.2. Wazungu, 6.9. Ziada hiyo ilitoka kwa wanawake weusi. Najua, Mmarekani mweusi si Mkenya. Asili yake imechanganyika, na amekulia mazingira mengine. Hesabu hiyo hainiambii wako wangapi Nairobi. Lakini inatosha kuua kile kicheko.

Sasa tuje kwenye jeni, maana hapo ndipo sentensi hii imevaa koti jeupe na kujiita sayansi.

MS hairithiwi kama selimundu, ambapo jeni moja inaamua. Ni mamia ya tofauti ndogo ndogo kwenye DNA, kila moja ikisukuma kidogo. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa watafiti wa jeni za MS ulichapisha kazi kubwa katika jarida la Science: wagonjwa 47,429, wasio wagonjwa 68,374, na sehemu 233 za DNA zinazohusishwa na ugonjwa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Na watu wale wote walikuwa wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 jarida la Nature likatoa utafiti mwingine, safari hii kuhusu kwa nini MS huwalemaza wengine haraka kuliko wengine. Wagonjwa zaidi ya 12,000. Asili ya Ulaya tena. Na si MS peke yake: mwaka 2016 ilihesabiwa kwamba asilimia 81 ya watu walioshiriki katika tafiti za aina hii duniani walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 3.

Mtu ataniambia, si binadamu wote ni kitu kimoja? Ni kweli, na ndiyo sababu suala hili ni letu sote. Wacha nieleze.

Herufi za DNA hurithiwa kwa makundi, kama abiria wa matatu moja. Utafiti wa namna hii unakuonyesha matatu iliyombeba mshukiwa, haukuonyeshi mshukiwa. Kwa watu wa Ulaya, abiria hao bado wamekaa kwa makundi makubwa, kwa sababu mababu zao waliotoka Afrika walikuwa wachache. Sisi ambao mababu zetu walibaki tuna tofauti nyingi zaidi, na abiria wetu wameshuka na kupanda kwa vizazi vingi zaidi. Kwa hiyo kwetu ni rahisi kumtenga mwizi na jirani yake wa kiti.

Haya si maneno ya kujipendekeza. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba kuna eneo kwenye kromosomu ya 6 linaloongeza hatari ya MS kuliko sehemu nyingine yoyote, lakini jeni mbili pale, DRB1 na DQB1, zilikuwa zikisafiri pamoja kwa wazungu kiasi kwamba hungeweza kujua ni ipi yenye makosa. Mwaka 2004 Jorge Oksenberg na wenzake wakawatazama Wamarekani weusi, ambao kwao jeni hizo mara nyingi zimetengana. Jibu likaelekea DRB1. Damu ya watu weusi ilijibu swali ambalo damu ya wazungu ilishindwa kulijibu, kuhusu ugonjwa unaoitwa wa wazungu.

Na kuna kisa cha karibu zaidi na nyumbani. Leo wanasayansi wengi wanaamini kwamba virusi vya Epstein-Barr ni sehemu kubwa ya chanzo cha MS. Mwaka 2022 utafiti uliotumia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba hatari ya MS inapanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa. Virusi hivyo viligunduliwa London mwaka 1964. Ndani ya nini? Ndani ya seli za uvimbe wa watoto wa Uganda, uliosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza miaka michache nyuma. Yaani mlango wa kuuelewa ugonjwa huu ulifunguliwa kwa nyama ya watoto wa Afrika Mashariki. Miongo sita baadaye, binti wa Afrika Mashariki anauliza kama ana MS, anachekwa.

Hapa najua mmeshaanza kunijibu, hasa ninyi mnaosoma na kukumbuka. "Unataka tuwape wazungu DNA yetu tena?" Hofu hiyo naiheshimu. Nchini Marekani, watafiti walipogundua mwaka 2005 kwamba watu weusi wapatao wawili kwa kila mia wana hitilafu katika jeni ya PCSK9 inayowashushia mafuta mabaya ya damu, dawa zilitengenezwa kwa ujuzi huo, zikaidhinishwa mwaka 2015, kwa bei ambayo mtu wa kawaida mtaani kwetu angeisikia tu. Hapo mmesema kweli. Tulitoa, wakauza.

Lakini dawa ya kuibiwa si kujificha. Wasan wa Afrika Kusini walichoka kuchorwa kama wanyama wa maonyesho, na mwaka 2017 wakatoa kanuni zao za maadili: mtafiti aje kwa heshima, aseme ukweli, arudishe faida. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayozihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Kwa hiyo tuweke masharti. Sampuli ziwe na mwenyewe, watafiti wa hapa waongoze badala ya kubeba mabomba ya damu tu, na matokeo yarudi kwa mgonjwa. Inawezekana. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa H3Africa walisoma DNA ya watu 426 kutoka jamii 50 za Afrika, wakapata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Watu 426 tu! Hao ni watu wa ibada moja ya Jumapili.

Uingereza wameamka kidogo. Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, kina mradi unaoitwa ADAMS, uliowaomba wagonjwa wa MS wa asili mbalimbali wanaoishi huko watoe mate ili DNA yao isomwe. Nawapongeza. Ila maana yake ni kwamba Mkenya wa Luton mwenye MS anaweza kuhesabiwa kwa kuwa alipata viza, na aliyebaki Umoja hana anayemuuliza.

Onyo moja kwa upande wangu mwenyewe. Tusiziache jeni zigeuke kisingizio. Kama mgonjwa mweusi analemaa haraka, kabla hujamlaumu babu yake muulize alisubiri MRI miaka mingapi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS, rituksimabu ikiwemo, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kuzileta hospitali za umma hakuhitaji kusoma DNA ya mtu yeyote. Kunahitaji bajeti. Nataka vyote viwili, na sioni kwa nini niombe kimoja.

Kwa madaktari, ninalo ombi dogo. Kijana akija na jicho lililoingia ukungu, kisha miguu yenye ganzi, usianze na rangi yake. Anza na mishipa yake.

Nilimsomea dada rasimu hii jioni, akiwa amekunja miguu kwenye kochi. Nikamuuliza kama angetema mate kwenye kichupa cha watafiti, baada ya yote.

"Hata leo," akasema. "Ila jibu walilete hapa. Nisilisome kwenye gazeti la London."