Sikio nalo hulelewa
Juma hili, kwenye basi la Tarime kwenda Mugumu, kijana mmoja wa Dar es Salaam aliwavunja abiria mbavu kwa kumwigiza mzee aliyemwambia konda, “Subiri nimarize kura chakura.” Utani wa zamani huo, na sisi wa huku tumeuzoea mpaka tunauanzisha wenyewe. Kikurya, lugha yetu, hakina l, kina r tu. Mtoto mchanga huweza kutofautisha sauti nyingi hata za lugha za mbali, lakini akikaribia mwaka mmoja sikio huanza kuegemea lugha ya nyumbani. Tofauti zisizomhusu humpita kama upepo. Sikio nalo hulelewa, na lisichofunzwa halikiokoti. Ila utani huo husahau kitu: Kiswahili kina irabu tano, Kikurya kina saba. Kuna e mbili na o mbili, moja ya mdomo uliobanwa kidogo, nyingine ya mdomo uliopanuka, na ukizichanganya umetaja kingine kabisa. Bado hujafika kwenye toni, maana mahali sauti inapopanda ndani ya kitenzi husaidia kukuambia jambo limetendeka lini. Nikamtamkia kijana e zote mbili, taratibu. “Si ni ile ile, mama?” Mtoto wa chekechea aliyepakatwa na bibi yake kiti cha nyuma akaangua kicheko. Anayekosa l tumempa jina, mshamba. Anayekosa irabu mbili nzima tunamwita msomi, tena tunampa chaki asahihishe imla.